Watalii Huja Kiangazi: Maji na Maisha katika Nchi ya Karatu



Mimi ni mtu wa Buger. Mgeni anayekwenda Ngorongoro hapiti kwetu. Barabara yake hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutokea Mto wa Mbu, ikapita Rhotia, ikaukata mji wa Karatu katikati na kufika lango la Loduare. Sisi tuko kusini, njia ya vumbi kupitia Endabash, tumeegemea Msitu wa Marang unaoshuka kuelekea Ziwa Manyara. Nikiwa mtoto niliyaona magari ya watalii siku za mnada tu, baba aliponichukua Karatu kuuza mbaazi. Yalipita kwa misururu, yana rangi ya nyasi kavu, na wazungu wamesimama ndani wakichungulia nje kupitia paa lililoinuliwa. Nikamwuliza baba wanatafuta nini. Akasema, "Wanakuja kuiona nchi." Nilishangaa. Nchi tulikuwa nayo kila siku, na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ni kitu cha kuonwa.

Nimefundisha jiografia ya maji kwa miaka mingi sasa, na mshangao ule haujaniisha. Usiku huu nataka kuzungumza juu ya jambo moja ambalo kila mkazi wa Karatu analijua, lakini sijaona likipewa uzito katika mipango yetu ya utalii wala ya maji: watalii huja kiangazi.

Nianze na ukame wenyewe, maana wapo watakaosema Karatu ni nchi ya kijani, ya ngano na kahawa. Ni kweli, lakini ni kweli ya upande mmoja wa mlima. Mawingu ya kwetu hutoka mashariki, yamebeba unyevu wa Bahari ya Hindi. Yakifika nyanda za juu za Ngorongoro hulazimika kupanda, hupoa, na huumwaga mzigo wao juu ya msitu. Yanapovuka kwenda magharibi yamekwisha kuwa matupu. Ndiyo maana mtu akisimama ukingoni mwa kreta hutetemeka kwa ukungu na baridi, na akiteremka hadi Olduvai hukuta makonge-pori, miiba na vumbi. Karibu na hapo liko tuta la mchanga mweusi, majivu ya volkano ya Oldoinyo Lengai, lenye umbo la mwezi mchanga na kimo cha mita 9 hivi. Tuta hilo huhama. Upepo hulisukuma kiasi cha mita 17 kwa mwaka, na nguzo zimesimikwa kuonyesha lilipokuwa miaka iliyopita. Kusini-magharibi, bonde la Ziwa Eyasi hupata mvua ya milimita 400 hivi kwa mwaka, wakati vilima vilivyo juu yake vinaweza kupata zaidi ya 1,000. Ndani ya wilaya moja, kwa mwendo wa saa mbili za gari, unatoka msituni ukaingia nusu jangwa. Buger iko katikati ya hayo mawili, na mwaka wetu hutegemea upande gani umeshinda.

Sasa tazameni kalenda. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Novemba na Desemba. Kuanzia Juni hadi Oktoba mbingu hufunga. Kwa mwongoza watalii hiyo ndiyo hai sizoni: nyasi zimelala, wanyama wamejikusanya penye maji, barabara hazina tope, na kwa sehemu ya miezi hiyo shule za Ulaya na Marekani zimefungwa. Hivyo kila kitanda katika mji wa Karatu hupata mtu, na kila mtu huyo huoga asubuhi na jioni kwa sababu ya vumbi, na shuka zake hufuliwa. Miezi hiyo hiyo ndiyo ambayo Buger chemchemi hupungua, mama na punda wake huondoka nyumbani kabla ya jogoo, na dumu la lita 20 huwa na bei ambayo lisingekuwa nayo mwezi wa Aprili. Kalenda mbili, na maji ni yale yale.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua cha kuosha vyombo katika loji moja. Sitaitaja, na waliokuwa wakiiendesha walinitendea vema. Ilikuwa Septemba. Kila jioni mtunza bustani alifungua mpira na kumwagilia majani ya mbele ya vyumba, ili mgeni akitoka kreta na macho yake mekundu akute kijani. Siku ya mapumziko nilikwenda nyumbani, nikamkuta mama yangu ameketi kwenye foleni ya ndoo tangu usiku wa manane. Nikamwambia niliyoyaona. Hakukasirika. Aliuliza tu kama maji ya kule huwa yanakatika. Nimeyabeba maneno hayo ya mama hadi kwenye jukwaa hili.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningesema utalii umetuletea foleni peke yake. Upande wa kazi, kalenda hizo mbili zimeshikana kama vidole. Aprili na Mei loji huwa tupu, wafanyakazi wengi hupewa likizo, mara nyingi bila mshahara. Jijini hilo lingekuwa janga. Kwetu, kijana hurudi Buger wakati ule ule shamba linapomhitaji, akapalilia mahindi na mbaazi, na Juni akarudi kukunja shuka. Wengine humu ndani mmesomeshwa kwa mpango huo usio na jina. Mwaka 2017 India, mnunuzi wetu mkuu wa mbaazi, iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake na bei ikaanguka. Nyumba yenye mtoto katika loji ilistahimili. Halafu ikaja korona. Watalii walioingia Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020 wakawa 620,867. Karatu ilizima taa. Safari hiyo nyumba yenye shamba ndiyo iliyostahimili, na niliona wapishi wa hoteli wakivuna maharage kwa mikono iliyokuwa imesahau jembe.

Kwa hiyo sisemi watalii wapungue. Nasema juu ya maji, na hapo naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo.

Chukueni nyumba ya watu 6, kila mtu lita 20 kwa siku. Ni lita 120. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba kina siku 153, kwa hiyo nyumba hiyo inahitaji lita 18,360 kuvuka salama. Sasa tazameni paa. Nyumba nyingi za Buger zimekwisha kuezekwa bati. Bati la mita za mraba 40, mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hata ukitoa sehemu ya tano kwa kumwagika na kukauka, linakinga lita 25,600. Mvua inayotua juu ya nyumba inatosha kuivusha nyumba. Kinachokosekana ni mahali pa kuiweka. Familia ikijinyima inanunua simtanki la lita 1,000 au 2,000. Tenki la lita 5,000, ambalo kijijini ni mali ya kuonyeshwa wageni, humalizika siku ya 42, karibu katikati ya Julai, kiangazi hakijafika hata nusu.

Na upande wa pili: bwawa la kuogelea la mita 10 kwa 5, lenye kina cha mita moja na nusu, linachukua lita 75,000. Kwa nyumba ile ile ni maji ya siku 625. Loji ina mapaa makubwa, na ina mtaji wa kujenga tangi kubwa chini ya ardhi mara moja. Ikiyavuna masika, wakati haina wageni, kiangazi haitagombea chemchemi na mtu. Ziko loji zinazofanya hivyo, na zinastahili kusemwa kwa sauti. Nataka uvunaji huo uwe sharti la kibali cha ujenzi, kama kilivyo choo.

Maji ya Karatu hayaishii Karatu. Msitu wa nyanda za juu, na mlima Oldeani ndani yake, hukamua ukungu na kuutuma chini. Unapita kwenye mashamba ya kahawa ambayo walowezi wa Kijerumani waliyaanza kati ya vita viwili vya dunia, unazama ardhini, unatokea tena katika chemchemi za Qangded, na huko ndiko vinakomwagiliwa vitunguu vya Mang'ola vinavyoliwa hadi Kenya na Uganda. Kinachobaki huingia Eyasi, ziwa la chumvi, penye Wadatoga na mifugo yao na Wahadzabe wanaoujua kila mzizi wenye maji. Mtalii hupelekwa kwa Wahadzabe alfajiri kutazama uwindaji. Anatembea juu ya matokeo ya kila bomba lililofunguliwa kule juu, na ratiba yake haina nafasi ya mtu kumwambia.

Nchi yetu imekwisha kuona mji wa nchi kavu ukiachwa na watu wake. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, Engaruka, kuna mabaki ya mashamba ya umwagiliaji yaliyozungushiwa mawe, kilomita za mraba zipatazo 20, yaliyolimwa tangu karne ya 15 hivi na kuachwa karne ya 18. Maji yalitoka kwenye nyanda zile zile za Ngorongoro. Wataalamu wanabishana kwa nini watu waliondoka, na kupungua kwa mito ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Mifereji bado inaonekana. Nimepita ndani yake nikiwa na wanafunzi, na hakuna aliyezungumza kwa muda mrefu.

Niliwahi pia kwenda Nizwa, Oman, mji wa jangwani unaopendwa sana na watalii, na nilipouliza njia kwa Kiarabu changu kibovu nilijibiwa kwa Kiswahili cha Unguja. Pale upo Falaj Daris, mmoja wa mifereji mitano iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sikuhangaika sana na uzuri wake. Nilichotaka kukielewa ni mpangilio. Maji yanapotokea kwenye mwanga, sehemu ya kwanza kabisa ni ya kunywa, na mtu yeyote, mwenye shamba na asiye na shamba, mwenyeji na mpita njia, anachota bila malipo. Kisha msikiti, kisha mahali pa kuogea. Bustani za mitende huja baadaye, tena kwa zamu zinazogawanywa kwa muda, kipande cha nusu saa hivi, zamani ikipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Katika mpangilio ule, mgeni hunywa pamoja na mwenyeji, mwanzoni kabisa. Majani ya kupendeza macho yamo mwishoni.

Sisi Wairaqw tulikuwa na namna yetu ya kuzilinda chemchemi. Aama, bibi yangu, alitukataza kupiga kelele penye chemchemi au kukata mti wake, kwa kuwa neetlangw, pepo wa maji, anaishi humo, na mvua ni ya Looa, Mungu wa jadi, ambaye ni jua na ni mama. Nilipokuwa shuleni nilifundishwa kuyaona hayo kuwa ushirikina. Sasa ninaona kuwa bibi yule alikuwa na sheria ya vyanzo vya maji, na ilitiiwa kuliko nyingi zilizochapishwa.

Mwaka 2009 Msitu wa Marang uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Kwa chemchemi ni jambo jema, na ninaliunga mkono. Kwa watu wa Buger ilikuwa na maana ya kuni kuwa mbali na malisho kufungwa, na tembo wanaotoka msituni usiku kuingia kwenye mahindi. Mtalii akimwona tembo huyo asubuhi upande wa Manyara hulipa kwa furaha. Mama aliyekesha akigonga debe ili kumfukuza tembo yule yule hana risiti ya kudai. Ninapozungumza na wanafunzi wanaotaka kuandika juu ya uhifadhi, huwaomba walale angalau usiku mmoja wa Juni katika shamba la mpakani, nje, na debe mkononi.

Wazee wangu mliopanda basi alfajiri kutoka Karatu, nimewaalika pia kwa shughuli. Tumeomba vipima mvua vya shule za msingi za Buger na Endabash, na wanafunzi wangu watakuja Oktoba, kabla ya vuli, kuvisimika. Watoto ndio watakaosoma, kila asubuhi saa tatu, na kuandika ubaoni ambapo mzazi yeyote anaweza kuona. Kando ya tarakimu ya mvua nataka iandikwe nyingine: kina cha maji katika chemchemi iliyo karibu, kwa kijiti kilichochongwa alama. Tukipata miaka mitatu ya tarakimu hizo mbili zikiwa zimeandikwa upande kwa upande, nitakwenda nazo mezani kwa wenye loji na mamlaka ya maji, na sitakwenda peke yangu. Nitahitaji mtu wa kunionyesha chemchemi ya kwanza. Mama yangu anasema njia ya zamani imefungwa na miiba, ila yeye bado anaikumbuka.