Sanduku la Baridi Katika Mashua Yetu

Mazungumzo na wamama siku ya kliniki

Wale wa nyuma, sogeeni kivulini, tusemezane kidogo mbele ya kupima watoto.

Leo sitasema juu ya uji wala juu ya choo. Nitasema juu ya sanduku. Munaliona pale chini ya muti, lile lenye rangi nyeupe. Wengi munaliona kila mwezi linaposhushwa kwenye mashua, lakini hatujawaeleza kazi yake.

Nianze na ulizo. Nani kati yenu alishafunga ugali ndani ya kikwembe ili mume aukute wa moto? Wote, sivyo? Sasa munijibu: kikwembe kina moto ndani yake? Hapana. Kikwembe hakina moto wala baridi. Kazi yake ni kuzuia. Kinazuia moto wa ugali usitoke. Na kama ungefunga barafu ndani ya kikwembe kilekile, kingezuia moto wa inje usiingie, na barafu ingekaa. Sanduku letu ni kikwembe cha namna hiyo. Halitengenezi baridi. Linalinda baridi tuliyoiweka asubuhi.

Kwa sababu gani chanjo inataka baridi?

Chanjo ya surua ina vijidudu vilivyodhoofishwa. Ni vizima, lakini havina nguvu ya kumuuguza mtoto mwenye afya. Vinaingia mwilini, mwili unajifunza kupigana navyo, na siku surua ya kweli inakuja, mwili umekwisha kujua vita. Lakini vijidudu hivi vikipata joto vinakufa. Chanjo iliyokufa haimtii mtoto sumu. Inakuwa kama maji tu. Mtoto analia, mama anarudi nyumbani na furaha, kadi inaandikwa, lakini kinga haipo.

Kwa hiyo tunaziweka chanjo kati ya digri 2 na digri 8. Joto lake si zuri, na kugandishwa si kuzuri vilevile, kwa sababu chanjo ingine, kama ile ya pepopunda, inaharibika ikigeuka barafu.

Surua si mchezo. Mwaka 2019 ilifika katika mikoa yote 26 ya inchi yetu. Kufika mwanzo wa 2020 waliokufa walikuwa wamepita watu 6,000, na wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kosa letu

Sasa nitawaambia neno ambalo si rahisi kwangu kulisema.

Wakati fulani nilikuwa nikifanya kazi katika hospitali moja ya kando ya Ziwa Tanganyika. Tulikuwa na mashua ya tanga. Ilikuwa na mashine pia, lakini mafuta yalikuwa yakikosekana, basi tanga lilitusaidia sana. Chini ya benchi ya nyuma palikuwa na sanduku la baridi lililojengwa pamoja na mashua: mbao inje, bati ndani, na povu gumu katikati. Ni lile povu jeupe ambalo munaliona katika karatoni ya redio mpya. Tulitia barafu, tukaweka chanjo juu yake, tukaenda vijiji vya rasi ya Ubwari. Siku zingine upepo ulikataa, tukafika magaribi. Barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji. Tuligusa maji yale kwa mkono, tukasema, “Yangali baridi kidogo.” Tukachanja.

Kisha miezi mingi surua ikaingia kijiji kimoja kati ya vile. Nikatumwa. Mama mmoja akanikuta mlangoni, mtoto wake mkononi, macho mekundu, uso umejaa vipele. Akanionyesha kadi. Tarehe ilikuwa pale, imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe. Akasema, “Mama muganga, uliandika hapa. Ulimudunga mutoto wangu maji?”

Sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba hata chanjo nzuri, ikitolewa mara moja tu kwa miezi 9, haishiki watoto wote. Kwa watoto 100, karibu 15 wanabaki bila kinga. Ndiyo sababu kuna sindano ya pili. Lakini katika kijiji kile nilihesabu nyumba kwa nyumba, na waliougua walikuwa wengi kupita hapo. Mtoto wa mama yule alipona, lakini jicho moja lilibaki na kovu. Watoto wawili wengine walizikwa.

Tulichokikuta ndani ya sanduku

Tuliporudi, fundi wa mashua alitoboa bati la chini. Akatoa kipande cha povu. Povu zuri ni jepesi, ukilipuliza linaruka. Kile kipande kilikuwa cheusi, kizito kama tofali bichi, na alipokikamua, maji yalitoka.

Povu gumu limejaa vyumba vidogovidogo sana, kila kimoja kina hewa iliyofungwa. Hewa isiyotembea haipitishi moto upesi. Lakini maji yanapitisha moto zaidi ya mara 20 kupita hewa ile. Maji yalikuwa yameingia kwa ufa wa tundu la chini, mwaka kwa mwaka, polepole. Basi sanduku letu lilikuwa kama kikwembe kilicholowa. Nani atafunga ugali ndani ya kikwembe kilicholowa?

Namna tulivyolijenga upya

Fundi alitaka kukausha povu lile juani. Tulikataa. Povu lililokunywa maji ya miaka halikauki mpaka ndani. Tulilitupa lote, tukaacha mbao zikauke juma nzima, tukaziba kila ufa.

Kisha tukapata mbao za povu jipya, unene wa sentimeta 5. Tukaweka tabaka mbili, na maungio ya tabaka ya juu hayakukutana na maungio ya chini, sawasawa na mjenzi anavyopishanisha matofali. Maungio yakikutana, moto unapata njia. Kati ya povu na mbao za inje tulizungusha plastiki, kwa sababu unyevu wa hewa nao unapenda kuingia polepole upande ule wenye joto. Pembe zilizobaki wazi fundi alizijaza na povu la kopo, lile linalovimba. Alilitia kidogokidogo, maana ukilijaza mara moja linavimba na kupasua mbao. Tuliwafukuza watoto wote pale, kwa sababu mvuke wake unaumiza kifua na macho.

Mfuniko ulikuwa kazi kubwa kupita. Nao ulipata povu la sentimeta 10, na ukingoni fundi alibandika mpira wa ndani wa gurudumu la velo. Tulijaribu namna hii: tulifunga kipande cha karatasi kati ya mfuniko na ukingo, tukakivuta. Kilipotoka bila kushikwa, tukajua pale pana njia ya hewa, akaongeza mpira. Tundu la chini tulilifunga kabisa. Barafu sasa hatuitii wazi. Inakaa ndani ya chupa bapa zilizofungwa.

Wauguzi walinung’unika. “Sanduku limekuwa dogo!” Ni kweli. Kuta zikinenepa, nafasi ya ndani inapungua. Lakini sanduku dogo lililojaa linashika baridi kupita sanduku kubwa lenye nafasi tupu. Na barafu ni rafiki mwenye nguvu: kilo 1 ya barafu ikiyeyuka inameza moto ambao ungetosha kupasha kilo 1 ya maji kutoka digri 0 mpaka digri 80.

Hatukutia chanjo siku ile. Tulitia barafu na kipima joto tu, tukasoma asubuhi na magaribi kwa siku tatu. Sanduku la zamani lilimaliza barafu siku moja. Hili jipya, asubuhi ya tatu, barafu ilikuwa ingalipo. Tena tuliona neno lingine: siku ya kwanza kipima joto kilishuka chini ya 0. Basi sasa tunaacha chupa za barafu inje kidogo, mpaka ukiitikisa chupa unasikia maji ndani. Na chanjo haziguswi na barafu. Zinakaa ndani ya kisanduku chao cha chanjo kilichopimwa, na kisanduku kile kinakaa ndani ya sanduku la mashua, kama mtoto ndani ya nyumba.

Kisha tulirudi kijiji kile. Tulikaa na wamama, tukasema, “Tulikosa.” Tukawachanja watoto wote tena. Kumchanja mara ya pili mtoto aliyekwisha kuchanjwa hakumdhuru. Mama mwenye mtoto wa jicho alikuja na mtoto wake mwingine. Hakusema kitu, lakini alikuja.

Kazi yenu nyinyi wamama

Sasa munajua sanduku ni nini. Kwa hiyo musikasirike tukifanya hivi:

Hatufungui mfuniko kwa kila mtoto anapofika. Baridi ni nzito, inakaa chini kama maji ndani ya sufuria, lakini kila tukifungua, hewa ya moto inaingia. Tunawaomba mufike mapema, pamoja.

Hatukubali mtoto akae juu ya mfuniko. Mpira wa ukingo unapondeka.

Hatukubali kuweka humo samaki wa mtu, hata wa chifu. Siku moja nilikuta mikeke mitatu juu ya chanjo! Mvuvi alisema ni kwa saa moja tu. Saa moja ya kufungua na kufunga inatosha kuharibu.

Chupa ya surua iliyokwisha kuchanganywa na maji yake, saa 6 zikipita tunaitupa, hata kama imebaki nusu. Wengine wanasema tunapoteza dawa. Hapana. Tunawalinda watoto wenu na uchafu unaoweza kukua ndani yake.

Na nyinyi muna haki ya kuuliza. Katika chupa nyingi za chanjo kuna alama: duara, na ndani yake mraba. Mraba ukiwa mweupe kupita duara, chanjo haijapata joto la kuiharibu. Mraba ukifanana na duara ao ukiwa mweusi kupita, chanjo ile isitumiwe. Muambie muuguzi, “Mama, tuonyeshe alama.” Muuguzi muzuri hatakasirika. Mimi ningepata mama mmoja wa kuniuliza hivyo siku zile, ningemshukuru mpaka leo.

Maneno mawili kwa nyumba

La kwanza: kikwembe kikavu na majani makavu ya ndizi yanaweza kupunguza makala yenu. Loweka maharagi usiku. Asubuhi yachemshe sana kwa nusu saa, funika, weka sufuria ndani ya kikapu kilichojaa majani makavu na blanketi la zamani, funga vizuri. Yataendelea kuiva yenyewe kwa masaa. Mbele ya kula, yachemshe tena mpaka yatokote. Lakini uji wa mtoto ao nyama usiviache vuguvugu namna hiyo, kwa maana vidudu vinapenda vuguvugu. Na usitumie povu karibu na sufuria ya moto, linayeyuka.

La pili: musiwashe moto kwa vipande vya povu. Moshi wake ni sumu, na mtoto mgongoni anauvuta kwanza.

Maulizo ya kuulizana nyumbani

1. Sanduku linatengeneza baridi, ao linalinda baridi?

2. Kwa sababu gani povu lililolowa halifai?

3. Alama ya chupa inasema nini mraba ukifanana na duara?

4. Mtoto wako amepata sindano ya pili ya surua? Tazama kadi yake leo.

Haya wamama, nimemaliza. Nani ana ulizo? Kisha tutafungua sanduku, mara moja, kwa wote.