Msumeno mmoja, mikono ya wote



Sisi tuliokimbia vita tuliacha mashamba. Mikono ndiyo iliyobaki. Basi tuichunge mbele ya msumeno wa meza.

Kabla ya kuwasha, toeni misumari katika ubao, vueni glavu na nguo zinazoning'inia. Simameni kando, si nyuma ya meno, kwa sababu ubao ukibanwa unarudi kwa nguvu. Karibu na meno, sukumeni kwa kijiti, si kwa vidole. Anayepokea asivute. Ubao ukikwama, zimeni mashine, ngojeni meno yasimame kabisa.

Katika atelye, vijana wa makabila mbalimbali hushika ubao mmoja. Asiyemsikiliza mwenzake anaweza kumpotezea vidole. Tusikilizane.