Moto wa Friji ya Zahanati Usizimike

(Mazungumzo ya kamati ya afya mbele ya mkutano wa kijiji)



Siku ya kliniki ya mwezi uliopita mnaikumbuka. Akina mama walifika asubuhi, watoto mgongoni. Wengine walitembea saa tatu. Mwuguzi alipofungua friji ya chanjo, kipimajoto kilionyesha nyuzi 19. Moto ulikuwa umezimika, na hakuna aliyejua ulizimika lini. Watoto wakarudi bila chanjo. Kosa ni letu sisi kamati. Zamu ya kutazama moto ilikuwa yetu.

Zahanati nyingi siku hizi zina friji za umeme wa jua. Ya kwetu bado ni ya gesi. Basi tuijue.

Mtauliza, moto unaletaje baridi? Ndani ya mabomba ya friji mna maji yaliyochanganywa na amonia. Moto huchemsha amonia ikapanda juu kama mvuke. Huko hupoa ikawa majimaji. Kisha hugeuka mvuke tena, na hapo ndipo huchukua joto la ndani ya friji. Moto ukizimika, kazi hiyo yote husimama.

Karibu na moto kuna kijiti kidogo cha chuma. Hicho ni mlinzi. Kikiwa cha moto, huacha njia ya gesi wazi. Kikipoa, hufunga gesi isijae chumbani. Kwa hiyo, ukiwasha friji, shikilia kitufe kama nusu dakika hivi, kijiti kipate moto. Ukiachia mapema, moto utazimika.

Je, umeshikilia vya kutosha na bado unazimika? Tazama haya:

1. Mtungi. Pengine gesi imekwisha.

2. Upepo. Friji isikae mbele ya mlango au dirisha.

3. Kijiti. Pengine kina masizi, au kimesogea mbali na moto. Pengine kimekufa, na dawa yake ni kuwekwa kipya.

4. Tundu la gesi. Vumbi na utando wa buibui huliziba. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na wenye masizi, tundu au njia ya hewa ni chafu.

Kusafisha ni kazi ya fundi. Tusichokoe tundu kwa sindano. Likipanuka, moto utaharibika moja kwa moja.

Sasa sikilizeni vizuri. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti! Usiguse hata swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala chini sakafuni. Mahali inapovuja hutafutwa kwa povu la sabuni, si kwa moto.

Na chanjo je? Zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Moto ukizimika, aitwe mwuguzi mara moja, azihamishie kwenye kasha la baridi. Tusizitupe wala kuzitumia kwa kukisia. Chupa nyingi zina alama ya mraba mdogo ndani ya duara. Mraba huzidi kuwa mweusi kwa joto, na mwuguzi anajua kuusoma. Tena, moto ukisharudi tusiuongeze kupita kiasi. Chanjo ya pepopunda ikiganda, imeharibika. Chanjo ya surua na ya polio za matone, adui yao ni joto.

Ndugu zangu, kutazama moto si kazi kubwa. Tumetundika karatasi mlangoni mwa friji. Asubuhi na jioni, mwenye zamu aandike nyuzi alizoziona na jina lake. Kusoma na kuandika tumejifunza wenyewe. Basi elimu hiyo tuitumie hapa. Mwezi ujao mama akitembea saa tatu, aikute chanjo.