Nailoni Isiyo Nailoni: Maneno Tuliyowaambia Mafundi wa Stima, Changamwe



Mlituuliza ni plastiki gani ifaayo kutiwa kati ya foili za kapasita ya kujitengenezea, ile ya volti elfu nyingi ambayo vijana wetu hupenda kuonyeshea cheche. Tutajibu, lakini kwanza majina. Huku Likoni na Kisauni kila plastiki laini yaitwa nailoni. Mifuko ya dukani iliyopigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 ilikuwa polithini, si nailoni. Nailoni yenyewe hunywa maji kutoka hewani, na hewa yetu ya pwani mwaijua. Ikishapata unyevu, huvujisha stima.

Basi fanyeni hivi. Kateni kipande, kitieni katika maji ya mfereji, mkisugue kwa kidole mpaka mapovu yatoke. Polithini na polipropilini huelea. Nailoni na PVC huzama. PVC ni njema kwa waya za nyumba, hatuikashifu, lakini kwa stima igeukayo kwa kasi hupata joto, ikalainika, ikatoboka.

Polithini ya unene wa milimita 1 huzuia kiasi cha volti 20,000. Msiitegemee hesabu hiyo yote. Robo yake yatosha. Sisi tuliwahi kutumia kipande kimoja kinene, kikatoboka penye chembe ya mchanga. Sasa twaweka tabaka kadhaa nyembamba zilizopanguswa vizuri, kwa kuwa tundu la moja si rahisi likutane na tundu la nyingine. Foili nayo iishie mbali na ukingo wa plastiki, ama cheche itapita pembeni.

Mafuta ya transfoma kuukuu msiyaguse. Huenda yana PCB, sumu iliyotajwa katika Mkataba wa Stockholm wa 2001.

Sasa lile linalotutia hofu. Kapasita ya mikrofaradi 1 iliyojazwa volti 5,000 ina jouli 12.5, na hizo zaweza kusimamisha moyo wa mtu. Mashine ikizimwa, stima imo bado. Itoeni kwa rezista yenye mpini mrefu wa plastiki, kisha fungeni waya toka ncha moja hadi ya pili, na waya huo ubaki hapo, maana stima iliyojificha ndani ya plastiki hurudi yenyewe baada ya dakika chache. Mwanagenzi asiachiwe kazi hii peke yake, hata akiomba.