Yosefu Hakumwacha Mtoto Nyuma



Katika Dominika hii ya Familia Takatifu, Injili ya Mathayo yatuonyesha Yosefu akiondoka usiku kwenda Misri. Hakumwacha Mtoto nyuma. Alimchukua pamoja na mama yake.

Januari imekaribia, na baadhi yetu tumepokea barua za uhamisho. Mzazi wa mtoto mwenye usonji huisoma barua hiyo kwa hofu. Jijini Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto hao. Je, huko wilayani aendako kuna nini? Ndipo wengine hushawishika kumwacha mtoto kwa bibi, akae ndani bila masomo.

Tusikate tamaa upesi hivyo. Kabla ya kufunga mizigo, tuombe taarifa za maandishi kwa mwalimu na kwa daktari. Tumwendee afisa elimu maalumu wa halmashauri tuendako, tuulize ni shule ipi yenye kitengo na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Mtoto naye aandaliwe: mabadiliko ya ghafula humtesa, basi saa za kula na blanketi alilolizoea visibadilike.

Nasi tunaopokea wageni katika jumuiya ndogo ndogo, tusiseme amelogwa wala amedekezwa. Usonji si laana. Tumsindikize mama huyo shuleni; na mtoto akipiga kelele wakati wa Misa, tusimkazie macho. Misri ilimpokea Mtoto mgeni. Parokia yetu isimkatae. Amina.