Mpira Upite kwa Kila Mtoto: Elimu ya Viungo Jumuishi Kisii na Nyamira

Katika elimu ya viungo jumuishi, mchezo hurekebishwa umfae mtoto. Mtoto haondolewi kwa kuwa mchezo haumfai. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii, kadiri inavyomfaa. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019, nao unaweka mawasiliano, ushirikiano na kujiamini katika umilisi wa msingi.

Stadi hizo hazimei zenyewe kwa kuwa watoto wametoka kucheza. Wala haziletwi na sifa za mabingwa. Nyamira ndiko alikotoka Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000, Mexico, mwaka 1968. Ni fahari kubwa, lakini mashindano hutafuta wepesi, na kipindi cha darasani ni cha wote. Mtoto mwenye mguu dhaifu anayepewa kalamu ahesabu mabao, muhula baada ya muhula, hajajumuishwa. Wenzake nao huzoea kuona timu ikitimia bila yeye.

Dawa imo katika sheria za mchezo. Watoto sita wakiwa na mpira wa majani makavu ya mgomba, sheria moja yatosha kuanzia: bao halihesabiwi mpaka kila mmoja ameugusa mpira. Papo hapo mwenye mbio huinua kichwa, humtafuta mwenzake na kumwita kwa jina. Katika voliboli ya kukaa, kamba ya katani hufungwa chini na wote huketi nyasini. Aliyezoea kujisukuma kwa mikono huenda akampita mkimbiaji. Kwa asiyeona, chupa ya plastiki yenye kokoto hubingirishwa kwa mfano wa goliboli, mchezo uliobuniwa 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Hapo darasa zima hunyamaza ili mmoja asikie, na hakuna somo la heshima lililo wazi kuliko hilo.

Michezo hii ya makundi madogo huyafaa mazingira ya Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ambako ardhi ni haba na viwanja vingi vimeinama, mpira ukiponyoka unaishia kwenye michai.

Don Hellison, mwalimu wa Marekani aliyefanya kazi na vijana wa Chicago, alipanga ngazi tano: kuheshimu wengine, kujituma, kujiongoza, kusaidia, na kuyatenda hayo nje ya uwanja. Ya mwisho ndiyo ngumu. Inahitaji dakika tano za kuketi duara na kuuliza nani alisaidiwa, nani alisahauliwa, na jambo hilo linafanana na nini nyumbani. Kwa swali hilo la mwisho, watoto wa Abagusii wana mfano wa risaga, kazi ya ujirani shambani: huyu analima, yule anateka maji, mwingine anapika, na hakuna anayeambiwa amekuja bure. Kipindi kinapobana, dakika hizo tano za duara ndizo hukatwa kwanza. Heri mchezo ufupishwe.