Pesa ya Komini ni Pesa Yenu



 Nimekuja hapa Kavimvira, Uvira, na neno moja: pesa ya komini ni yenu, na mna haki ya kuketi mezani kabla haijagawanywa.

Mama muuza ndagala hukatiwa jeto, ule ushuru wa soko, asubuhi, hata fungu la kwanza hajauza. Jioni anarudi nyumbani akikanyaga tope, kwa sababu mtaro umezibwa na taka za soko lilelile alilolilipia. Akiuliza jeto yake imefanya kazi gani, asiitwe mchochezi. Ajibiwe.

Na pesa ya komini si jeto tu. Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa. Sheria ya Oktoba 2008 inasema asilimia 40 ya fungu hilo la mikoa iteremke hadi miji, komini, sekta na sheferi. Pesa hiyo huchelewa, na mara nyingi haifiki kamili. Hilo tunalijua sote. Lakini asiyejua haki yake ni kiasi gani, atadai nini?

Raia kuketi mezani si jambo geni kwetu Kivu Kusini. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, komini ya Ibanda, kule Bukavu, ilijaribu bajeti shirikishi. Raia waliitwa mikutanoni kwa ujumbe wa simu, wakachagua kazi za kutangulia, kisha wakaarifiwa kilichoamuliwa. Katika baadhi ya maeneo ya majaribio hayo, watu walianza kulipa kodi zaidi. Sishangai. Mtu hulipa kwa moyo akiona pesa yake imejenga.

Na hapa Uvira hatuna anasa ya kusubiri. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukachukua watu na nyumba. Anayeishi kando ya mto ndiye ajuaye maji yanapopita na ukuta wa mawe uanzie wapi. Bajeti ikiandikwa bila yeye, ukuta utajengwa pasipofaa, au hautajengwa kabisa.

Bwana Bugumesta, mkuu wa komini, nakuomba hesabu ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani pa ofisi yako, kwa Kiswahili. Nanyi wakazi, mkutano wa bajeti ukiitishwa msimwachie shefu wa kartie peke yake. Njooni, mama mje mbele, mseme, na mwaka ukiisha mrudi kuuliza.